Anza, Ngoja, Acha: Ushauri Unaopingana Kuhusu Dawa za VVU Fizi na Baraka

Mtu wa Baraka, mji wa wilaya ya Fizi kando ya Ziwa Tanganyika, mashariki mwa Kongo, aliyepimwa VVU mwaka 2006, na jirani yake aliyepimwa mwaka 2018, hawakuambiwa neno lilelile. Wa kwanza, kama damu yake ilionyesha kwamba bado ana nguvu, aliambiwa aende nyumbani, ale vizuri, arudi baada ya miezi kadhaa apimwe tena, kwani wakati wa dawa ulikuwa haujafika. Wa pili aliambiwa aanze dawa wiki ileile, ikiwezekana siku ileile, hata kama hana kikohozi wala upele. Siku siri inapofunguka kati yao na wakalinganisha walichoambiwa, swali huwa moja: ni nani kati yetu aliyedanganywa?

Hakuna aliyedanganywa. Lakini wa kwanza alidhulumiwa, maana hakuna aliyerudi kumwambia kwamba ushauri aliopewa muda wake umekwisha, na kwamba kuna sababu ya kubadilika kwake. Ushauri wa dawa za VVU umebadilika mara nyingi katika miaka 20, na karibu kila mara umebadilika kwa haki. Tatizo la Fizi na Baraka ni kwamba ushauri mpya hufika taratibu, kwa sababu ya vita na barabara mbovu, na ukifika hauuondoi wa zamani. Ushauri wa zamani na mpya hukaa kijiji kimoja, kila mmoja na watu wake wanaoushuhudia.

Tuanze na kungoja, maana ndiko minong'ono mingi ilikotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba katika nchi maskini mtu aanze dawa chembe zake za CD4, wale askari wa mwili, zikishuka chini ya 200, au akiwa tayari ameugua sana. Mwaka 2010 kikomo kilipandishwa hadi 350. Mwaka 2013 kikawa 500. Septemba 2015 kikomo chenyewe kikafutwa: kila mwenye VVU apewe dawa, awe na askari 50 au 900.

Waliosema "ngoja" hawakuwa wakatili. Dawa za wakati ule zilikuwa nzito. Kidonge cha Triomune, kilichookoa maelfu ya watu kuanzia Bukavu hadi Dar es Salaam, kilikuwa na stavudini ndani yake, na stavudini ilichoma nyayo kama moto na kuyeyusha mafuta ya mashavu mpaka mtu akatambulika sokoni kwa uso wake. Mwishoni mwa 2009 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi ziachane nayo. Kabla ya hapo daktari aliyekuambia ungoje alikuwa anapima madhara ya dawa dhidi ya madhara ya ugonjwa, na dawa zenyewe zilikuwa chache kiasi kwamba ilibidi apewe kwanza aliye karibu na kufa.

Kilichobadilisha mizani ni majaribio makubwa, na mawili yanastahili kujulikana na kila mtu anayekunywa dawa hizi. La kwanza liliitwa SMART. Watu 5,472 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliendelea na dawa bila kukatiza, lingine liliacha askari walipozidi 350 na kurudi waliposhuka chini ya 250. Wengi walidhani walioacha wangepumzika na kuepuka madhara. Ikawa kinyume. Januari 2006 jaribio lilisimamishwa kabla ya muda, kwa sababu waliokuwa wakiacha na kurudi walikuwa wanafariki au kupata magonjwa nyemelezi zaidi ya mara mbili kuliko wenzao. Hata maradhi ya moyo na figo yaliwapata zaidi. Tangu siku hiyo hakuna tena daktari mwenye msingi wa kitaalamu wa kumwambia mgonjwa "pumzika kidogo na dawa". Bado kuna wanaosema hivyo.

La pili, START, lilikuwa na watu 4,685 katika nchi 35, wote wakiwa na askari zaidi ya 500, watu ambao mtaani ungewaita wazima. Nusu walianza dawa mara moja, nusu wakangojeshwa. Mwaka 2015 matokeo yalionyesha kwamba kuanza mapema kulipunguza hatari ya ugonjwa mkubwa au kifo kwa asilimia 57. Mwaka huohuo utafiti wa Abidjan, TEMPRANO, ukatoa jibu la aina hiyo kutoka Afrika yenyewe. Na tangu 2011 ilikuwa imekwisha kujulikana kwamba mtu anayetibiwa mapema humlinda mwenzi wake kwa zaidi ya asilimia 90. Leo tunajua kwamba ambaye virusi vyake havionekani tena katika kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa tendo la ndoa.

Lakini kwa wilaya kama Fizi ninaona kwamba hoja yenye uzito kuliko zote haikutoka kwenye majaribio hayo. Ilitoka Malawi. Mwaka 2011 nchi hiyo iliamua kwamba kila mama mjamzito mwenye VVU aanze dawa na asiache maisha yake yote, bila kusubiri kipimo cha CD4. Sababu haikuwa utajiri. Mashine za kuhesabu askari hazikuwepo vijijini, na mama aliyeambiwa asubiri jibu la maabara hakurudi. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaupokea uamuzi ule katika mwongozo wake. Yeyote anayezijua njia za Kimbi-Lulenge au milima ya Minembwe anaelewa mara moja. Ushauri wa kungoja unamhitaji mtu atakayeweza kurudi. Hapa, miezi 6 inatosha kijiji kizima kuhama.

Hapo linaingia ziwa. Tangu vita vya 1996 watu wa Fizi wamevuka Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma, na kambi ya Nyarugusu imekuwa makazi ya vizazi viwili. Kuanzia mwaka 2005 meli zilianza kuwarudisha Baraka, na mapigano mapya yakawavusha wengine tena. Kila nchi ina mwongozo wake na hubadilisha kwa wakati wake. Mama aliyepewa dawa fulani upande wa Tanzania anafika Baraka na kadi yenye majina ya dawa ambayo nesi hana kabatini, au amekwisha kuambiwa asiyatumie. Nesi anampa mchanganyiko mwingine. Akiwa na nafasi anaeleza. Akiwa na wagonjwa 60 mlangoni anasema tu, "Mama, hizi ndizo zetu," na mama anaondoka akiamini kwamba ama Kigoma walikosea au Baraka wanambahatisha.

Hakuna mahali ambapo mabadiliko yamewaumiza watu kama kwenye maziwa ya mama. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mama mwenye VVU aliambiwa asinyonyeshe kabisa kama anaweza kupata maziwa mbadala kwa usalama na kwa kudumu. Sharti lile la usalama lilisahaulika haraka. Botswana iligawa maziwa ya kopo bure. Mwanzoni mwa 2006 mvua kubwa zikachafua maji, kuhara kukaenea, na watoto wengi waliofariki walikuwa wale wasionyonya. Kwa Baraka, ambako kipindupindu hurudi kila mara na wengi wanachota maji ziwani, kopo la maziwa lilikuwa hatari hata kama lingetolewa bure. Mwishoni mwa mwaka huo ushauri ukageuka: nyonyesha miezi 6 bila kumpa mtoto hata maji, kwa kuwa utafiti wa Durban ulikuwa umeonyesha kwamba kuchanganya ziwa na vyakula vingine kunazidisha maambukizi. Mwaka 2010: nyonyesha hadi miezi 12 mradi dawa zinanywewa. Mwaka 2016: nyonyesha hadi miezi 24 au zaidi, na hata mtoto akiwa amechanganyiwa vyakula, usimwachishe ziwa kwa sababu hiyo pekee, dawa zako zinamlinda.

Sasa chukua mfano wa familia moja. Mama mkwe alihudumia binti yake mwaka 2004 na kusikia kwamba ziwa ni sumu. Mkamwana anajifungua leo na kuambiwa anyonyeshe miaka miwili. Mama mkwe anapomzuia, hana ubaya wala ujinga. Anarudia alichoambiwa na mtu mwenye koti jeupe, na pengine alizika mjukuu. Kumjibu kwa kumwambia "zamani hamkujua" ni kumvunjia heshima bure. Anastahili kuelezwa kwamba wakati ule mama hakuwa na dawa za kila siku, na leo anazo. Kilichobadilika ni dawa, na ziwa limefuata. Maelezo hayo yanachukua dakika mbili. Nimeyasikia yakitolewa mara chache sana.

Dolutegraviri, ambayo sasa ni nguzo ya kidonge cha TLD wanachokunywa wengi, nayo ilipita katika mkanganyiko wake. Mei 2018 uchunguzi wa Botswana uliona watoto 4 kati ya 426 wamezaliwa na kasoro ya uti wa mgongo au ubongo, ambao mama zao walishika mimba huku wakiitumia. Tahadhari ikatolewa, na nchi kadhaa zikawanyima wanawake wote wa umri wa kuzaa. Julai mwaka huo wanawake wa Kiafrika wanaoishi na VVU walikutana Kigali, wakadai wapewe taarifa kamili na waachwe wachague wenyewe, kuliko kurudishiwa dawa dhaifu kwa jina la kulindwa. Julai 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dawa hiyo kwa wote, na hesabu zilivyokua tofauti ile ilipungua mpaka ikatoweka. Wale wanawake walikuwa na haki, na ninasikitika kwamba jambo lililosemwa Kigali, mwendo wa siku moja kutoka kwetu, halikufika kwenye kliniki za wajawazito za ziwani.

Kuna nyakati, hata hivyo, ambapo "ngoja" ni neno sahihi hadi leo. Mgonjwa mwenye homa ya uti wa mgongo ya kriptokoka akianzishiwa dawa za VVU haraka, kinga inayoamka ghafla inaweza kumuua. Utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha hivyo: katika miezi 6 walifariki asilimia 45 ya walioanza mapema, na asilimia 30 ya waliocheleweshwa wiki 5. Mwenye kifua kikuu naye huanza dawa za kifua kikuu kwanza, za VVU zikafuata baada ya siku au wiki chache. Na akiwa kwenye rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, huongezewa kidonge kimoja cha dolutegraviri, saa 12 baada ya kile cha kwanza, kwa kuwa rifampisini huichoma dolutegraviri mwilini upesi. Fikiria sasa wanandoa wawili, mmoja anakunywa kidonge kimoja na mwingine viwili, na hakuna aliyewaambia kwa nini. Wiki mbili baada ya rifampisini kwisha, kile cha pili huondolewa. Mgonjwa anaona amepunguziwa dawa na anajiuliza amekosa nini.

Ushauri mmoja mdogo unaovunja watu zaidi ya yote haya ni ule wa "usinywe dawa bila kula". Ulianza kwa nia njema, wakati dawa kadhaa zilichafua tumbo. TLD hunywewa na chakula au bila chakula. Lakini katika familia zilizokimbia mashamba, zinazokula mara moja kwa siku na siku nyingine hazili, mtu anayeshika neno lile la zamani anaruka kidonge kila siku ambayo sufuria haikupanda motoni, akidhani anautunza mwili wake. Kuna tahadhari moja ya kweli inayohusu tumbo: vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito huzuia dolutegraviri isiingie damuni vikinywewa pamoja tumbo likiwa tupu. Vinywewe pamoja na chakula, au TLD itangulie kwa saa 2. Hilo la kweli mama mjamzito ni nadra kuambiwa, na la uongo analijua kwa moyo.

Nimefika kwenye kuacha, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Kupingana kuhusu lini uanze kunachelewesha. Kupingana kuhusu kuacha kunaua, na kunaacha virusi sugu nyuma yake.

Vita ndivyo mwachishaji mkuu. Oktoba 2003 Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) walianza kutoa dawa za VVU bure Bukavu, mradi miongoni mwa ya kwanza nchini, wakati ambapo wengi duniani walisema dawa hizi haziwezekani penye risasi. Juni 2004 wanajeshi walioasi, wakiongozwa na makamanda Mutebutsi na Nkunda, wakauteka mji. Mradi haukufa, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wameandaliwa: akiba ya vidonge nyumbani na maelekezo ya nini cha kufanya njia ikifungwa. Somo lililokua katika miradi ya vitani ni kwamba mtu afundishwe pia namna ya kuacha, kama hana budi. Nevirapini na efavirenzi hukaa mwilini siku nyingi kuliko dawa zinazoambatana nazo. Ukiacha zote siku moja, moja inabaki peke yake na virusi vinajifunza kuishinda. Kwa hiyo wagonjwa walipewa kifuko cha siku saba cha zile dawa nyingine, wazinywe baada ya kuacha ile inayokaa mwilini muda mrefu. Kwa mgonjwa lilikuwa jambo gumu kulielewa: mtu yuleyule anayekuambia usiache kamwe anakufundisha kuacha. Lakini huo ulikuwa ushauri wa watu waliomheshimu mgonjwa kiasi cha kumwambia ukweli wa mahali anapoishi. TLD imepunguza hatari hiyo, ingawa imeleta tahadhari nyingine: viambato vyake viwili, tenofoviri na lamivudini, hutuliza pia homa ya ini ya aina B, na mwenye virusi vyote viwili akiacha ghafla ini lake linaweza kushambuliwa upya.

MSF walikuwa Baraka tangu 2003. Mwishoni mwa 2020, baada ya mashambulizi dhidi ya watu wao, walitangaza kuacha sehemu kubwa ya kazi zao wilayani Fizi. Kisha ukaja mwaka 2025. Januari serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje. Mwezi huohuo Goma ikaanguka mikononi mwa waasi wa M23, Februari Bukavu, Desemba Uvira. Dawa za VVU zilizolipiwa moja kwa moja na Marekani zilikuwa zaidi Kinshasa, Haut-Katanga na Lualaba. Kivu ilitegemea zaidi Mfuko wa Dunia, ambao Marekani ndiyo mchangiaji wake mkubwa. Redio haikueleza tofauti hiyo. Watu walisikia kwamba Marekani imekata dawa. Katika hali ya namna hiyo mtu hugawa chupa yake na mwenzi wake, au hunywa siku moja na kuacha moja ili zifike mbali. Jibu la kitaalamu ni gumu kulitoa kwa mtu mwenye hofu, lakini ni moja: kunywa kipimo kamili kila siku hadi kidonge cha mwisho, na utafute nyingine mapema popote zilipo. Kipimo nusu ndicho kinachovipa virusi nafasi ya kuwa sugu.

Mwachishaji wa pili anakuja na Biblia au na mizizi. Sitawaweka wachungaji wote kapu moja. Wako wanaowasindikiza wagonjwa hadi hospitalini. Lakini kuna vyumba vya maombi ambako kuendelea na vidonge kunaitwa upungufu wa imani. Mwaka 2011 watu wa Afrika Mashariki kwa maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na baadhi yao wakaacha dawa. Wala serikali hazina mikono misafi. Mwaka 1987 Zaire ya Mobutu ilitangaziwa dawa iliyoitwa MM1, kwa herufi za Mobutu na Mubarak, kazi ya Profesa Lurhuma na mwenzake wa Misri; mwaka 1990 Kenya ikatangaza Kemron. Zote hazikuponya. Nabii anayemwachisha mtu dawa ana faida moja ambayo nesi hana: kwa wiki kadhaa, pengine kwa miezi, aliyeacha hujisikia vizuri, hata vizuri kuliko alipokuwa akinywa. Virusi hupanda kimya, askari hushuka polepole. Nabii anashangiliwa mwezi wa kwanza, na mwezi wa kumi mgonjwa anarudi hospitalini bila yeye.

Na akirudi anakuta ushauri mwingine uliobadilika bila kutangazwa. Zamani aliyeacha alirudishwa kwenye vikao vya ushauri, akangojeshwa, mara nyingi akakemewa mbele ya wenzake, kwa hoja kwamba asipokuwa tayari atapoteza dawa. Leo mwongozo unataka apokelewe bila adhabu, achunguzwe kama ana kifua kikuu au kriptokoka, na kama hana, arudi kwenye dawa siku hiyohiyo. Kisha wingi wa virusi upimwe baada ya miezi michache, ijulikane kama dawa bado inafanya kazi.

Mwongozo unasema pia kwamba aliyetulia apewe vidonge vya miezi 3 hadi 6 kwa mara moja, na kama kuna wilaya iliyohitaji agizo hilo ni Fizi. Kinshasa, tangu 2010, vituo vinavyoendeshwa na watu wenye VVU wenyewe, vinavyoitwa PODI, vimeonyesha kwamba dawa za miezi kadhaa zinaweza kutolewa nje ya hospitali, na jirani akamweleza jirani. Nesi wa Lulimba anaweza kulijua agizo hilo neno kwa neno. Akifungua kabati akakuta chupa za wagonjwa 20 na walio nje ni 35, atagawa mwezi mmoja mmoja. Mgonjwa naye ataondoka akisema kwamba hapa wanasema mwezi, kule wanasema miezi 6. Kama nesi atamwambia wazi kwamba ushauri ni miezi 6 na kilichokosekana ni chupa, mgonjwa atajua kwamba lawama ni ya wenye bohari na wenye fedha, na ataweza kudai chupa zake kwa haki.